Kiapo cha Kutozikana

Buni mbichi haina harufu ya kahawa. Watu hushangaa nikiwaambia, hasa hawa vijana wanaoijua kahawa ikiwa kikombeni tu. Hunuka nyasi kavu na gunia, na kwa mbali hunuka mvua ya huko bara ilikotoka. Hadi leo nikipita mahali penye magunia macho yangu huwa mazito, nikajiona niko tena Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, nimeketi kwenye benchi kando ya mama yangu, nachambua.

Godauni letu lilikuwa ng'ambo ya reli. Mabehewa yaliingia asubuhi, mahamali wakashusha magunia huku wakiitikiana, na sisi wanawake tukamwagiwa buni juu ya meza ndefu za mbao. Kazi yetu ilikuwa kutoa zile nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Paa la mabati lilikuwa na vioo hapa na pale, na jua likipanda liliteremkia mezani kupitia vioo vile, vumbi likawa linaelea ndani yake bila haraka. Mkono ukishaizoea kazi ile, macho hubaki hayana kazi, na akili huenda itakako. Mimi yangu ilikuwa ikienda mbali. Nilikuwa msichana wa kuvunja ungo juzi, nangoja kuposwa, na nilikuwa nimeshaijenga nyumba yangu, nikaipaka chokaa, nikagombana na mume wangu na kupatana naye, kabla ya gunia kwisha.

Wanawake waliimba. Zaidi zilikuwa nyimbo za arusi, maana ndizo ambazo kila mtu anazijua. Mmoja huanza, meza nzima ikapokea, na mama wa Kirabai waliokaa meza ya mlangoni wakatia sauti zao za chini ambazo sisi hatukuwa nazo. Mama yangu aliketi mwanzo wa meza, na mkabala naye aliketi mdogo wake, mama mdogo wangu. Walikuwa mabinti wawili tu kwa mama yao, pamoja na kaka mmoja, mjomba wangu. Walifanana hadi sauti. Mmoja akicheka ilikuwa lazima mwengine acheke, hata kama hajasikia cha kuchekesha. Walitaniana siku nzima, kuhusu pua zao, kuhusu waume zao, kuhusu nani kati yao alipendwa zaidi na mama yao. Bibi naye, mama yao, aliwahi kukaa meza ile ile mpaka macho yakamkataa.

Mwenye godauni wakati huo alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye koti jeupe refu, anayekuja kwa miguu. Nisimsifu nikapitiliza. Alikuwa bahili wa kutupwa. Gunia likipasuka alilishona mwenyewe ili asimlipe mshonaji. Lakini alijua nani amejifungua na nani amefiwa, na Idi ikifika alileta halua kwenye sinia akala pamoja nasi, akilamba vidole. Mama aligombana naye kila wiki, kwa mambo madogo ya ujira na mizani. Yeye humsikiliza, kisha hucheka na kusema, "Wewe mama, ulimi yako ungekuwa buni, mimi tajiri." Baadaye mambo hayo madogo yakarekebishwa, au hayakurekebishwa, lakini mtu alikuwa amesikilizwa.

Kisha mzee akauza. Tuliambiwa godauni sasa ni la kampuni. Hatukuiona kampuni yenyewe, tuliona watu wake tu. Na si godauni letu peke yake. Changamwe yote ya miaka ile ilikuwa ikiota vitu. Tuliamka asubuhi tukakuta minazi haipo na tangi la mafuta limesimama mahali pake, jeupe, halina dirisha. Mabomba yalilala kando ya barabara, watoto wakapita ndani yake wakiitana. Malori yalipita mchana kutwa, na vumbi lake likatua juu ya nguo tulizoanika na juu ya wali. Mimi nilipenda. Sitasema uongo. Niliona kama tumeletewa mji bila kusafiri, na nilikuwa nikisimama barabarani na mtungi wangu kichwani, nikiangalia jinsi chuma kinavyopandishwa juu ya chuma, mpaka mama akaniita.

Kampuni iliondoa meza. Badala yake ikaweka mkanda, unaozungushwa kwa mashine, unaopitisha buni mbele yetu nasi tumesimama. Mabenchi yakatolewa, maana aliyeketi hawezi kuufuata mkanda. Kuimba kukakatazwa, eti mashine ikianza kuharibika haitasikika. Kengele ililia tuanze, ililia tuache, na katikati yake mwenye mtoto mchanga haruhusiwi kutoka kwenda kunyonyesha. Wale wa kunyonyesha walisimama pale huku nguo zao zimelowa kifuani, na watoto wanalia nje ya ukuta, kila mama anaijua sauti ya wake. Na asubuhi, tulikusanyika langoni tukangoja kunyoshewa kidole: wewe, na wewe, na wewe. Mwenye mimba iliyotokeza hakunyoshewa.

"Mzee Mhindi ukimkasirikia wamuona usoni," mama alisema siku moja tukirudi nyumbani. "Hii kampuni nitaikasirikia wapi?"

Aliyenyosha kidole alikuwa nyapara, na nyapara alikuwa mume wa mama mdogo. Alikuwa mtu mpole, mpole hata kuku wa jirani walimdharau. Asubuhi zile alinyosha kidole akiangalia chini. Kwa sababu ya unyapara alipewa nyumba ya kampuni, katika safu ya nyumba mpya za kuelekea Port Reitz, zenye sakafu ya saruji na mfereji wa maji uani. Bibi alikuwa ameanza kuugua, miguu imemvimba, kifua kinambana. Mama yangu alikaa chumba kimoja chenye paa la makuti lililochoka, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Kwa hivyo bibi akahamia kwa binti yake kitindamimba. Aliipenda saruji. Alisema ni baridi, na haina siafu.

Ndipo akaja mtu wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa kijana wa bara, karani, amefunga tai kwenye joto lile, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama reli. Alitukusanya jioni uwanjani, nyuma ya soko. Akatueleza kwamba kampuni ni mkono mkubwa, na dawa ya mkono mkubwa ni vidole vingi. Akatueleza mgomo ni nini. "Ninyi wamama," akasema, "mkikataa kuingia wote siku moja, ule mkanda utazunguka bure."

Wanawake waliangaliana kwa lile neno la kibara "wamama," wakaziba midomo kwa leso wasicheke mbele ya mgeni. Lakini maneno yake yaliwaingia. Lililowasumbua ni moja tu. Mama mmoja wa makamo aliuliza, "Na atakayeingia peke yake, kwa siri, sisi tukiwa nje, tutamfanyaje?"

Kijana akasema atakuwa msaliti. Neno hilo halikutuuma. Kwetu ilikuwa kama kumwambia mtu ni mrefu. Mama yangu akasimama. Hakuwa msemaji wa mikutano, lakini alikuwa amewahi kuongoza chama cha ngoma cha wanawake, na alijua jinsi ya kuwafunga watu pamoja.

"Mtu haogopi jina," akasema. "Mtu aogopa kuwa peke yake. Nawaambia hivi. Atakayepita lango lile, nyumbani kwake hatuingii. Arusini kwake hatuendi. Matangani kwake hatuendi. Hatusemi naye, wala hatuzikani naye. Mwasemaje?"

"Hatuzikani!" wakaitika wote, na mimi nikaitika. Kijana wa chama alipiga makofi. Alidhani ni maneno ya kutia moyo tu, masikini. Hakujua kwamba kwetu mtu aweza kukosa chakula akaishi, aweza kukosa nguo akaishi, lakini mtu asiye na wa kumzika ameshakufa tangu akiwa hai. Mama mdogo alikuwapo pale uwanjani. Aliitika pamoja nasi.

Tulipokwenda kumjulia hali bibi, alikuwa ameshapata habari zote. "Shikamoo bibi," nikasema. "Marahaba," akaitika, kisha akamgeukia mama yangu pale pale. "Yeo nimesikia umeapa. Haya, aliyeingia kazini amekukosea. Maiti wa nyumbani kwake amekukosea nini?"

"Mama, hayo ni maneno ya kuwafunga watu wasivunjike," mama akajibu. "Hapana atakayeingia."

"Inshallah," akasema bibi, na akageukia ukutani.

Siku za mgomo nazikumbuka kama siku za sikukuu moja ndefu. Wanaume wa chama waliujua mgomo kwa mabango. Sisi tuliufanya kwa tunachokijua, yaani kwa taratibu za arusi. Tulivaa leso za sare. Kulikuwa na zamu ya sufuria, zamu ya kuni, zamu ya kulea watoto. Tulitandika mikeka mkabala na lango la kampuni, chini ya ukuta wa upande wa pili penye kivuli, tukanywa chai ya tangawizi na kula mahamri, tukaimba nyimbo zote ambazo mkanda ulikuwa umetunyima. Askari waliletwa na rungu zao wakasimama kutuangalia. Mchana ulipokuwa mkali mmoja wao alikubali kikombe cha chai, akanywa akiwa ametupa mgongo. Ndani ya godauni kulikuwa kimya. Ndege walikuwa wakiingia kwa upenyo wa juu ya ukuta na kutoka, wakaingia na kutoka, nami nililala pajani mwa mama nikiwatazama, nikiwaza kwamba dunia ikitaka yaweza kusimama, na ikisimama ni nzuri hivi.

Kisha kampuni ikatoa tangazo. Aliye ndani ya nyumba ya kampuni, ambaye nyumbani kwake kuna mtu aliyegoma, aihame nyumba.

Mama mdogo alikuja kutuambia nyumbani jioni ile. Alisimama mlangoni, hakuketi. Alisema bibi hawezi tena kugeuka kitandani bila ya kushikwa. Mama akasema tutambeba tumlete kwetu. Wakaenda pamoja kumuuliza mwenyewe, na bibi akakataa. "Kwenye makuti yale yanayovuja? Mimi si gunia nihamishwe kila kampuni ikikohoa. Niacheni nife mahali pakavu." Alikuwa akihema kati ya neno na neno. Hapana aliyeweza kumshurutisha.

Asubuhi yake, tulipokuwa mikekani, tulimwona mama mdogo anakuja kwa njia ya reli, amejifunga buibui lake. Wengine walimsogelea nafasi wakidhani anakuja kuketi. Yeye alipita. Alipita mbele ya mama yangu kwa karibu kiasi kwamba ukingo wa buibui uliburuzika kwenye mkeka wetu, akalivuka lango. Nyimbo zilikatika. Baada ya kitambo tukausikia mkanda unaanza kuzunguka, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mama alichukua kikombe chake, akakuta hamna chai, akakirudisha chini. Nilimkasirikia mama mdogo hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mwengine, na papo hapo nilitaka kumkimbilia nimshike mkono. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Siku zilizofuata alipita vivyo hivyo, asubuhi kwenda na jioni kurudi, wala hapakuwa na aliyemtukana. Walimpisha tu, kama mtu anavyolipisha gari. Mama naye hakwenda tena kwa bibi. Alinituma mimi, na mimi niliishia dirishani kwa nje, nikamsalimu bibi kupitia nyavu, na uji nikaupitisha kwa mtoto wa jirani. Mama alitaka kwenda. Niliona usiku anavyogeuka. Lakini yeye ndiye aliyekifunga kile kiapo, na wanawake wote walikuwa wakiangalia miguu yake.

Niseme mapema, ili mtu asikae akingoja: mgomo ule tulishinda nusu. Mabenchi yalirudi, na mwenye mtoto akaruhusiwa kutoka kunyonyesha. Mkanda ulibaki. Siku bendera mpya ilipopandishwa, wengi wetu tulikuwa bado tunachambua pale pale, tumeketi. Lakini kabla ya hapo bibi alikufa.

Alikufa alfajiri, siku ambayo hatukuwa na habari ya kufa. Mjomba alitufikia jua linachomoza, kofia mkononi, na mama alipoiona ile kofia alijua. Hakupiga kelele. Alijifunga leso kiunoni, akavaa buibui, tukatoka. Njiani wanawake wakatoka majumbani mwao wakatufuata kimya, wote na leso zao za sare, mpaka tukawa safu ndefu kwenye barabara ile ya malori. Tulipofika mbele ya nyumba ya kampuni, mama akasimama. Safu nzima ikasimama nyuma yake.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani tuliuona mwisho wa kitanda.

Wanaume hawakuwa na tatizo lolote. Wao hawakuapa. Walikuwa wameshaketi kwenye majamvi ubavuni mwa nyumba, wengine wamekwenda kuchimba kaburi, na nyapara mwenyewe alikuwa akizungusha kahawa. Lakini maiti wa kike huoshwa na wanawake, na wanawake wote wa kumwosha walikuwa wamesimama barabarani. Mama alimwomba mjomba maiti abebwe aletwe kwetu. Mjomba akakataa katakata. "Maiti hazungushwi mitaani kama kitanda cha mnada," akasema. "Azikwa kabla ya alasiri, na atatoka katika mlango huu."

Kijana wa chama naye alikuja mbio, tai imemkaa upande. Akamwambia mama kwa upole kwamba mgomo hauhusu mazishi, aingie, hapana atakayemlaumu.

"Mwanangu, wewe hujui," mama akamjibu. "Mimi ndiye niliyewaapisha hawa. Wamo humu ambao dada zao wako karibu kuingia kazini kwa njaa. Nikiingia mimi kwa sababu ni mama yangu, kesho kila mtu atakuwa na sababu yake. Mkanda utajaa."

"Na usipoingia?"

Mama aliutazama ule mlango. Nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa yeye pia ni mtoto wa mtu, na kwamba kuna mama yake amelala pale, umbali wa kutupa jiwe, na hawezi kumfikia kwa sababu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Nyuma yetu mtu alianza kulia kwa chini. Mama mmoja wa Kirabai, mkubwa wa mwili, alikuwa amekuja na ndoo ya maji kichwani tangu kwao, hataki kuitua na hataki kuingia nayo.

Ndipo mama mdogo akatokea mlangoni. Alikuwa amejitanda leso, macho yamevimba, na mkononi ana mkeka. Alituangalia sote. Halafu akatoka. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akautandika mkeka wake upande wa pili, kwenye changarawe, kando ya bomba la mafuta. Akaketi, ameielekea nyumba yake.

"Ingieni," akasema kwa sauti. "Nyumba hii si yangu, ni ya kampuni. Hamuingii kwangu. Mimi sipo. Mwosheni mama yangu."

Nilidhani hakuna aliyeelewa. Kisha yule mama wa makamo, yule aliyeuliza swali uwanjani, akasema, "Wallahi nyumba imekuwa tupu. Mtu akiingia nyumba tupu haingii kwa mtu." Na akawa wa kwanza. Wengine wakamfuata, wakapita mmoja mmoja mbele ya mama mdogo bila kumwangalia. Mama wa Kirabai akapeleka ndoo yake hadi kizingitini, akaitua, akarudi kuteka nyingine.

Mama yangu hakuingia. Nilimvuta buibui. "Mama, twende."

"Niingie vipi?" akasema. "Ametoka kwa ajili ya mdomo wangu. Nimfukuze yeye, kisha nikamkoshe mama yake?"

Akavuka barabara. Mama mdogo alipomwona anakuja aliinama, kama mtu anayengoja kupigwa. Mama hakumpiga wala hakumsemesha. Aliketi juu ya ule mkeka mmoja, wakakaa bega kwa bega, wote wawili wameuelekea mlango. Lori la mafuta likapita kati yetu nao, na vumbi lilipotulia walikuwa wamekaa vile vile.

Mwoshaji alichungulia dirishani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye amri, ambaye ameosha nusu ya Changamwe. "Nataka mtoto wake wa kumiminia maji," akasema. "Yuwapi?"

Watu wakanitazama mimi.

"Basi ndoo, ingia wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyebaki."

Sakafu ya saruji haichimbiki, kwa hivyo hapakuwa na ufuo wa kupitishia maji chini ya kitanda. Waliweka makarai, na wanawake wawili wakawa wanayabeba na kuyarudisha. Leso zilishikwa zikafanya ukuta. Nilikuwa sijawahi kumgusa maiti, na niliogopa mpaka nilipomgusa. Alikuwa bibi tu. Mwoshaji alinielekeza kwa sauti ya chini, mimina hapa, taratibu, kulia kwanza. Maji ya mwanzo yalikuwa na majani ya mkunazi. Nilimiminia mabega ambayo nilikuwa nikiyapanda nilipokuwa mtoto, na miguu ambayo sasa uvimbe wake ulikuwa umeshuka, ikawa miguu yake ya zamani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari midogo midogo, zimetiwa mafuta. Tulizifumua, tukazikosha, tukazisuka upya. Maji ya mwisho yalikuwa ya kafuri. Jua liliingia kupitia zile leso, chumba kizima kikawa na rangi nyekundu na manjano, na nadhani kwa muda nilisahau kama kuna kampuni, au mgomo, au Changamwe. Nilikuwa namwogesha bibi, nami nilikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa.

Walipomkafini wanaume wakaja na jeneza. Walitoka nalo kwa haraka, kama ilivyo desturi, wakipokezana mabega, wakisema shahada. Wakapita mbele ya mkeka. Mabinti zake wawili walisimama, wakaona kitambaa cha kijani tu, kikipanda na kushuka juu ya vichwa vya watu, mpaka kilipokunja kona ya matangi.

Nilitoka nikavuka barabara. Sikujua niseme nini, nikapiga magoti mbele yao. Mikono yangu ilikuwa bado na maji. Mama aliuchukua mkono wa kulia, mama mdogo akauchukua wa kushoto, wakainusa. Kisha kila mmoja akauweka ule alioushika kwenye uso wake, wakafumba macho. Nilihisi machozi ya wote wawili yakipita kati ya vidole vyangu, wala sikuweza kuyafuta, maana mikono haikuwa yangu. Lori jengine likapita. Hawakufumbua macho.

"Nywele zake je?" mama akaniuliza, akiwa ndani ya kiganja changu.

"Zilikuwa zimesukwa," nikasema. "Tumezifumua tukazisuka tena."

"Mimi nilimsuka," mama mdogo akasema. "Jana, nilipotoka kazini."

Mama alikuwa hajasema naye tangu siku ile ya lango. Nikausikia mkono wangu umebanwa zaidi. Bibi alikuwa na utosi mwepesi wa maumivu, tangu zamani, na kumchana ilikuwa kazi ya mtu anayempenda.

"Alilia ulipomchana?" akamuuliza mdogo wake.

"Hakulia," mama mdogo akasema. "Alilala."